Kutoka Kasenga hadi Rhodes: Shajara ya Siku Kumi na Moja

Julai 18, Dar es Salaam

Mama amefunga safari na mfuko mmoja wa mkononi, na ndani ya mfuko huo kuna kopo la bati la biskuti ambalo ndilo sababu ya safari nzima. Kopo hilo lina vitu vitatu: pasipoti ya Ufalme wa Italia ambayo jalada lake limeliwa na mende, picha ya familia iliyopigwa mbele ya mlango wa mawe, na barua ya kurasa nne iliyoandikwa kwa hati ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuisoma. Kwa miaka mingi tulidhani ni Kiarabu. Jirani yetu wa Kariakoo, mwalimu wa madrasa, aliigeuzageuza mara mbili, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akasema kwamba inaanzia kulia kweli, lakini Kiarabu si hicho.

Vitu hivyo ni vya baba yake mama. Kule kwetu Katanga babu huitwa kambo, na msomaji wa pwani asidhani kwamba namzungumzia baba wa kambo. Nitaliacha neno lilivyo kwa sababu sijawahi kumwita kwa jina jingine. Kambo alikuwa Myahudi wa Rhodes, kisiwa ambacho leo ni cha Ugiriki lakini kilikuwa chini ya Italia tangu 1912. Aliondoka huko mwaka 1936 akiwa na umri wa miaka 19, akamfuata mjomba wake Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi sasa, na baadaye akateremka hadi Kasenga, kwenye ukingo wa mto Luapula, kununua samaki aina ya mpumbu na kuwasafirisha kwa lori lililojaa barafu hadi mjini, walikolishwa wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Huko Kasenga alimpata bibi yetu, na mwaka 1950 akazaliwa mama.

Alifariki mwaka 1979. Kuhusu Rhodes aliwaambia wanawe mambo mawili tu: kwamba jikoni kwao bahari ilionekana, na kwamba watu wake walikwisha wote. Lakini kulikuwa na maneno matatu ambayo hayakuwa Kifaransa wala Kiswahili wala Kibemba. Mikate midogo ya mviringo yenye ufuta, ambayo bibi aliioka kila Ijumaa, iliitwa biskocho. Alipowasha lori alisema “kaminando i avlando”, na watoto wakajua kwamba safari imeanza. Na alipowaita watoto kula aliita “kriaturas!”, neno ambalo mama, kwa kuwa alisoma kwa masista wa Kibelgiji, alilielewa kwa Kifaransa na kudhani kwamba baba yake anawaita viumbe, tena kwa dhihaka.

Julai 19, Rhodes

Ndege mbili na masaa mengi ya kusubiri. Sanduku langu halikufika. Mhudumu alinipa karatasi yenye namba na tabasamu la mtu aliyekwisha kuitoa karatasi hiyo mara hamsini siku hiyo. La mama limefika, kwa kuwa hakuwa na sanduku.

Ndege ilipoinama juu ya maji, mama, ambaye ni Mmethodisti wa kuzaliwa na wa kulelewa, aliikumbuka safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume, pale msafara wake unapofika Kosi na siku ya pili yake Rodo. Miaka yote aliyoisoma sura hiyo kanisani hakujua kwamba Rodo ndiyo Rhodes. “Paulo alipita kwetu,” akasema, na abiria wa kiti cha mbele akageuka.

Julai 20, Rhodes

Ndani ya kuta za mji mkongwe, upande wa mashariki karibu na bandari, kuna mtaa ambao wenyewe waliuita La Juderia. Wayahudi walikuwapo Rhodes tangu zamani za kale, lakini walioupa mtaa huu lugha na mapishi yake ni wale waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492, wakapokelewa katika nchi za sultani wa Uturuki, na kwa karne zaidi ya nne wakaendelea kuzungumza Kihispania cha mababu zao, kilichochanganyika na Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, kinachojulikana kama Ladino. Miaka ya 1920 jamii hii ilikuwa na watu wapatao 4,000. Biashara ilikuwa ndogo na vijana walikuwa wengi, na kwa hiyo vijana wakaondoka kwenda Seattle, Buenos Aires, Rhodesia na Kongo. Kuondoka kwa kambo hakukuwa ushujaa wala maono. Alikwenda kutafuta pesa, kama kijana wa Pemba anavyovuka kwenda Dar es Salaam.

Tuliingia sinagogi la Kahal Shalom saa nne asubuhi, kabla ya makundi ya meli za utalii. Chemchemi ya uani ina mwaka wa Kiyahudi unaolingana na 1577, na hilo ndilo sinagogi kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Sakafu imetandazwa vijiwe vyeusi na vyeupe vya pwani, vimepangwa maua na mistari, na miguu ya watu imevilainisha hadi vinateleza. Jukwaa la kusomea Torati liko katikati, na makabati ya kuhifadhi Torati ni mawili, moja kila upande wa mlango unaotokea uani. Pembeni, katika vyumba walimokuwa wakiswalia wanawake, kuna jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1997 na Aron Hasson, mwanasheria wa Los Angeles ambaye asili ya familia yake ni hapa.

Mama alitafuta jina la ukoo wa baba yake katika bamba la majina ya familia zilizopotea. Alilipata mapema kuliko tulivyotarajia, akaweka kidole chini yake, akakiacha hapo kwa muda, kisha akaniuliza kama inaruhusiwa kugusa. Sikujua. Kwa kweli sikujua mambo mengi humo ndani. Uyahudi hupita kwa mama, na mama wa mama yangu alikuwa mwanamke wa Luapula. Sinagogi la Lubumbashi, lililojengwa karibu na 1930 na watu wa kisiwa hiki hiki, halikuwahi kutuhesabu kuwa wake, na kambo mwenyewe, nasikia, aliingia humo siku za sikukuu peke yake na kutoka peke yake. Hapa hakuna aliyetuuliza chochote. Mzee wa mlangoni alimpa mama kiti.

Mchana tulizunguka na ile picha mkononi kutafuta mlango wa mawe. Tuliona milango ya aina hiyo isiyopungua kumi. Sehemu kubwa ya mtaa ilipigwa na mabomu ya ndege za Waingereza, zilizokuwa zikilenga bandari, Februari na Aprili 1944, na pigo la pili lilianguka wakati wa Pasaka ya Kiyahudi. Shule ilibomoka, na sinagogi kubwa la Kahal Grande nalo likaangamia. Huenda mlango wetu ulikwenda siku hizo. Mama alichagua mmoja aliosema unafanana, akasimama mbele yake, nikampiga picha. Sikumbishia.

Julai 21, Rhodes

Nitaandika kwa urefu kuhusu siku ya leo.

Kila mwaka wiki hii wazao wa watu wa Rhodes hukusanyika kisiwani kutoka pande zote za dunia. Kiswahili kimoja nilikisikia asubuhi uani kwa sinagogi, Kiswahili cha Lubumbashi kabisa, kutoka kwa mzee mweupe aliyevaa kofia ya majani, anayeishi Brussels sasa, ambaye alizaliwa mtaa wa pili kutoka kwa mjomba wangu. Yeye na mama walizungumza nusu saa juu ya bei ya mpumbu na juu ya barabara ya Kasenga wakati wa mvua, na wasikilizaji wa Kimarekani wakawazunguka bila kuelewa neno, wakitabasamu tu.

Mzee huyo ndiye aliyetupeleka kwa msichana mmoja, mtafiti, ambaye bibi ya bibi yake aliondoka kisiwani kabla ya vita. Alipoiona barua hakuigusa kwanza. Alisema hati hiyo inaitwa soletreo, ni mwandiko wa mkono wa herufi za Kiebrania ambao watu wa Ladino waliandikia barua na hesabu za madukani, na kwamba wazee walioizoea wamekwisha, kiasi kwamba yeye alijifunza chuoni, kama mtu anavyojifunza maandishi ya mafarao. Kisha akaanza kusoma, akitafsiri kwa Kifaransa, nami nikimfasiria mama kwa Kiswahili panapohitajika, ingawa hapakuhitajika sana.

Barua iliandikwa siku chache kabla ya Pasaka ya mwaka 5700, yaani Aprili 1940. Mkono ni wa baba yake kambo, lakini kuanzia ukurasa wa pili maneno ni ya mama yake, kwa kuwa kila aya inaanza na “mama yako anasema”. Baba anaeleza kwamba duka linakwenda vibaya. Anasema mdogo wake kambo, tangu alipoondolewa katika shule ya Kiitalia, anashinda kwa fundi viatu na ameanza kuwa na kiburi cha mtu anayelipwa. Hilo la shule linaeleweka: sheria za ubaguzi wa rangi za Italia zilifika kisiwani mwaka 1938, watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa shuleni, chuo cha marabi kilichofunguliwa mwaka 1928 kikafungwa, na waliohamia kisiwani baada ya Januari 1919 wakaamriwa kuondoka. Barua haitaji sheria yoyote. Inasema mdogo wako anajifunza viatu.

Kisha mama anasema. Anasema umeandika kwamba una mwanamke jikoni ambaye ni hodari lakini hajui biskocho, basi mwambie hivi. Mayai 6, glasi ya sukari, glasi ya mafuta, na unga kiasi ambacho donge lenyewe litakubali. Likate vipande, uvifinyange kama kamba nene kama kidole, kisha ukate kingo kwa kisu, mkato mmoja baada ya mwingine, kabla ya kukunja duara, ili zichanue motoni. Pakaa yai, chovya katika ufuta. Anauliza kama Kongo kuna ufuta. Anasema anacheka peke yake, maana wiki hii anafagia kila chembe ya unga nyumbani kwa ajili ya Pasaka, na huku kichwani amejaa unga.

Hapo mama yangu alimwomba msomaji asubiri kidogo.

Bibi yetu alikata kingo zile maisha yake yote. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini anakata wakati mkate ungeiva vilevile, akajibu kwamba ndivyo inavyokatwa. Na alipoulizwa kipimo cha unga, jibu lake lilikuwa moja, ambalo wajukuu tulilifanya utani: “Unga mpaka wenyewe ukubali.” Mwanamke wa Luapula ambaye hakuwahi kuiona bahari alikuwa akirudia neno kwa neno kauli ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, na kambo, katikati yao, alikuwa amesoma barua kwa sauti jikoni, mara moja au mara ngapi sijui, kisha akaifunga katika kopo.

Ukurasa wa mwisho ni salamu na majina. Dada anakaribia kuposwa. Mwandikie haraka, barua sasa zinachelewa. Juni 10 mwaka huo Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, Kongo ya Wabelgiji ikiwa upande wa pili, na posta kati ya mama na mwana ikakatika.

Julai 22, Rhodes

Joto kali. Sanduku limefika, limevunjika gurudumu.

Tulikwenda makaburini, nje ya mji, ambako makaburi ya zamani yalihamishiwa mwaka 1938 kwa amri ya Waitalia. Mawe mengine yana karne kadhaa. Kuna ukoo wetu pia, watu waliokufa kitandani, na mama alifurahi kuwaona. Alisema walau hawa wana anwani.

Jioni, barazani hotelini, nilimsimulia kile ambacho makumbusho yanaonyesha juu ya Julai 1944, kwa sababu aliniomba nimsimulie leo na si kesho. Italia ilipojisalimisha Septemba 1943, Wajerumani walikitwaa kisiwa. Julai 18 mwaka uliofuata wanaume Wayahudi waliamriwa wafike na vitambulisho vyao katika jengo la kamandi ya jeshi la anga la Italia, eti kwa ajili ya kazi. Wakafika, wakafungiwa. Halafu wanawake na watoto wakaambiwa nao waje, wabebe chakula na vitu vya thamani, la sivyo wanaume wangedhurika. Wakaja, na vitu vya thamani wakanyang'anywa mlangoni. Tumezoea kuuliza kwa nini hawakukimbia. Kisiwa, maji pande zote, waume zao wamekwisha kufungwa ndani: mimi sioni swali hapo.

Mtu aliyekwenda kugonga mlango wa jenerali wa Kijerumani, Ulrich Kleemann, alikuwa konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliyekuwa na umri wa miaka 30. Alidai raia wa nchi yake waachiwe. Kisha akadai na wake na waume zao, akisema kwamba kwa sheria ya Uturuki aliyeoa au kuolewa na Mturuki ni Mturuki, sheria ambayo haikuwapo popote. Aliitunga pale pale. Watu zaidi ya 40 waliachiwa kwa uongo huo. Baadaye ubalozi wake ulipigwa bomu, mkewe aliyekuwa mjamzito akajeruhiwa, akafariki baada ya kujifungua. Mwaka 1989 Israeli ilimtambua Ülkümen kuwa mmoja wa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Inasimuliwa pia kwamba mufti wa kisiwa alipokea gombo la Torati kutoka kwa Wayahudi na kulificha katika mimbari ya msikiti wa Murad Reis, akalirudisha vita vilipokwisha.

Mama aliuliza kama babu na bibi yake hawangeweza kuwa Waturuki. Nilimwambia walikuwa na pasipoti kama ile iliyo kwenye kopo.

Julai 23, Rhodes

Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi una chemchemi ya farasi-bahari watatu wa shaba, na kuizunguka kuna migahawa yenye miavuli, na watalii hukaa wakila aiskrimu wakiwa wamegeuzia mgongo nguzo nyeusi ya mawe yenye pande sita, ambayo imeandikwa kwa lugha sita kwamba Wayahudi 1,604 wa Rhodes na Kos waliuawa katika kambi za Wanazi. Nilitaka kukasirika. Lakini wenye uwanja wao, wazee kwa vijana waliovaa mashati meupe, walikuwa wakipita katikati ya meza zile wakiomba radhi, na mhudumu mmoja akasogeza viti vinne bila kuambiwa.

Kadishi, sala ya Kiyahudi ya kuwakumbuka marehemu, ikasomwa, mama akiwa nyuma ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ilikuwa Jumapili, tarehe kama hii, walipotolewa jengoni na kutembezwa hadi bandarini, huku ving'ora vya ndege vikilizwa makusudi ili wakazi wengine wajifungie ndani wasione. Walipakiwa katika matishari matatu. Makumbusho yanahesabu watu 1,673 kutoka Rhodes, na njiani wakaongezwa watu wa Kos wapatao 100. Njia yao ilikuwa ya Paulo iliyogeuzwa: Rodo kwanza, kisha Kosi.

Kitu kimoja hakinitoki kichwani. Siku hizo hizo, Julai 22 na 23, jeshi la Kisovieti lilikuwa likiingia Majdanek, kambi kubwa ya kwanza ya mauaji kukutwa na wakombozi. Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kila upande. Miezi mitatu baadaye wangeondoka Athens kabisa. Hawakuwa na meli za kuhamishia askari wao, wala mafuta, lakini walipata matishari ya kuchukua washona viatu, wanawali na vizee wa kisiwa cha mbali kabisa cha Aegean.

Tulikwenda bandarini baadaye, sisi wawili. Maji ni ya buluu ya kupendeza mno. Mama alisema kwamba kambo alisema kweli, kutoka jikoni ingeonekana.

Julai 24 na 25, baharini na Piraeus

Meli iliondoka saa kumi na moja jioni ikafika Piraeus saa tatu asubuhi. Masaa 16, viti vya kulalia, kahawa, televisheni isiyozimwa. Wao walichukua siku 8 kwa njia hii hii, chini ya jua la Julai, maji ya kunywa yakiwa haba, na wengine walikufa kabla ya kufika bara. Nilijaribu kukaa sitahani asubuhi ya kesho yake ili nipate walau kipande cha jua lile, kisha nikaona upuuzi wa jambo hilo, nikaingia ndani.

Julai 26, Athens

Haidari iko ukingoni mwa Athens. Hapo ndipo walipowekwa baada ya Piraeus, katika kambi iliyokuwa ya kutisha hata kwa Wagiriki wenyewe. Kambi bado ni ya jeshi na jengo namba 15 limehifadhiwa ndani yake, lakini halifunguliwi kila siku. Tulisimama langoni, askari kijana akatutazama, tukaondoka. Agosti 3 waliingizwa katika mabehewa ya mizigo.

Julai 27, Kraków

Safari ya ndege ya masaa mawili na ushei. Treni yao ilitumia siku 13. Mama amelala mapema.

Julai 28, Birkenau

Walifika hapa, kambi ya mauaji ya Auschwitz-Birkenau nchini Polandi, Agosti 16, 1944, siku ya 25 tangu bandari ya Rhodes. Reli inaingia hadi ndani ya kambi, imenyooka, na tuliitembea kando yake polepole kwa sababu ya magoti ya mama. Siku hiyo hiyo ya kuwasili wengi wao walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi: wazee, akina mama wenye watoto, watoto. Ni watu 151 wa Rhodes walioiona siku ya ukombozi. Mmoja wao, Sami Modiano, aliyefukuzwa shule mwaka 1938 akiwa na miaka minane na aliyempoteza hapa baba yake na dada yake, alihamia Kongo baada ya vita, na uzeeni akarudi kila kiangazi Kahal Shalom kuwasimulia wageni. Kongo iliwapokea wengine pia. Huenda kambo alipata habari kutoka kwa mmoja wao, mezani kwa mtu huko Elisabethville, na kwamba sentensi yake ya pekee, walikwisha wote, ilikuwa muhtasari wa jioni hiyo.

Mwongozaji alituambia kwamba Wayahudi walioletwa hapa kutoka Ugiriki walikuwa wapatao 55,000, wengi wao wa Thessaloniki, na kwamba mlinzi asiyejua Kihispania hakujua wanachosema. Nilishangaa kwamba hilo lilinigusa kuliko hesabu.

Mwisho wa reli, kati ya magofu ya majengo mawili ya kuchomea maiti, kuna mabamba ya shaba yaliyolazwa chini, kila moja kwa lugha moja, yenye maneno yale yale. Bamba la Ladino halikuwapo hapo awali. Liliwekwa mwaka 2003. Mama alikuwa amechoka na nilidhani atalipita, lakini limeandikwa kwa herufi za Kirumi, na yeye husoma kila kitu, hata karatasi za kufungia karanga. Aliinama. Alisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma Zaburi, bila kuelewa, neno kwa neno, mpaka alipofika mahali panapotaja waliouawa: “de ombres, de mujeres i de kriaturas”.

Akanyamaza. Nikamwambia maana yake, ijapokuwa nadhani alikwisha kuipata: wanaume, wanawake, na watoto.

“Watoto,” akasema. “Ni watoto tu.”

Aliketi juu ya ngazi ya jiwe. Baada ya muda akaniomba nilisome mimi, na nilipofika kwenye neno hilo nikalisoma kwa haraka, kama neno la kitabuni, akanisahihisha. Si hivyo. Akaweka kiganja kando ya mdomo, akalivuta, kri-a-tuuu-ras, kwa sauti ya chini lakini kwa mvuto ule ule wa mtu anayeita ng'ambo ya mto wakati wa jua kuchwa, chakula kikiwa mezani.